Dalali wa Ipagala na Ndege Yake

Sauti yake ndiyo ilikuwa inatangulia. Uko Area D unakunywa chai, unaisikia sauti, unamaliza chai, unalipa, unasalimiana na watu wote kibarazani, na mwili wake bado uko njiani unakuja. Habari za kuzaliwa kwake waulizwe waliokuwepo. Mimi nilimkuta tayari ni mtu mzima, amesimama juu ya meza ya ofisi, nyundo mkononi, anaiuza meza ile ile aliyoikanyaga. Na aliiuza. Aliyeinunua alimsubiri ashuke, akangoja sana, maana Dalali akishapanda juu ya kitu hashuki mpaka awe ameuza na vilivyo pembeni.

Tulimwita Dalali. Hata mkewe alimwita Dalali, kwa sauti ile ya kumwita mtu aliyechelewa chakula. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mashirika ya umma yanakata roho moja baada ya jingine, na kila shirika likikata roho Dodoma hii, Dalali ndiye aliyeitwa kuosha maiti. Aliuza makabati ya chuma ambayo funguo zake zilistaafu pamoja na wakubwa. Aliuza taipureta isiyo na herufi A kwa mtu aliyeniambia baadaye, kwa furaha kabisa, kwamba anaandika kwa mkono. Aliuza saa ya ukutani iliyokufa zamani.

"Jamani, saa hii imesimama saa tisa na nusu!" alipiga kelele. "Saa ya kutoka ofisini! Itundike kwako, kazi yako imekwisha tangu unaingia!"

Watu waligombania ile saa mpaka shati la mtu likachanika, nikalishona mimi.

Nami nijitambulishe hapo hapo. Nilikuwa fundi cherehani kwenye kibaraza cha duka la vitambaa la mama mmoja wa Kihindi, katikati ya mji. Mchana nashona, jioni nakwenda shule ya jioni kutafuta kidato cha nne nikiwa na ndevu kuliko mwalimu. Yule mama, ambaye mji mzima ulimwita Mama Vitambaa, alizaliwa hapa hapa Dodoma, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Kigogo alijua cha kutosha kugombana na wauza kuku na kushinda. Basi watu wa habari hii ni hao: Dalali, Mama Vitambaa na mimi. Wengine watapita tu.

Dalali alikuwa na maneno yake. Ukimlalamikia kwamba redio aliyokuuzia haisemi, anakuambia, "Mimi kazi yangu kusifia. Kasoro mtazikuta nyumbani." Ukimwuliza kwa nini yeye hanunui chochote, anakushangaa kama umemwuliza mchimba makaburi kwa nini halali kazini. Kweli kwake hapakuwa na kitu. Mtu aliyeuza viti vya nusu ya mkoa, ukimtembelea unakalia debe. Nyumba yake pale Ipagala ilifika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, ikakataa kuendelea. Familia ilikaa chumba cha uani, na nyumba kubwa ikabaki wazi juu, mbuzi wanalala sebuleni wanahesabu nyota. Mkewe alishaacha kusema. Alikuwa anaitazama tu ile lenta, halafu anamtazama Dalali, halafu anarudi jikoni.

Na alikuwa mwoga wa mahali pa juu. Kimo cha meza aliweza. Zaidi ya hapo kichwa kilimzunguka, akashika chochote kilicho karibu, pamoja na shingo za watu. Nakueleza haya ili ushangae vizuri nikikuambia kwamba mtu huyu, wa debe na lenta, mwoga wa ngazi, alikuja kuwa na ndege.

Siyo kuku. Ndege ya kupanda mtu.

Ilikuwa hivi. Shirika moja lililokuwa likinyunyizia dawa kwelea kwelea wanaokula mtama lilikata roho kama wenzake, na mali zake zikapigwa mnada uwanjani. Pampu zilikwenda, mapipa yakakimbia, hata mlango wa choo ulipata mtu. Ikabaki ndege: kitu kidogo cha viti viwili, cha zamani, mabawa yake ni mifupa ya mbao iliyovishwa kitambaa, na panya walikuwa wamekula kitambaa kama sikukuu. Ndani ya injini mlikuwa na viota vya kwelea kwelea wale wale.

Dalali akapanda juu ya pipa, akaisifu. Nilikuwepo. Aliisifu kwa namna ambayo nilitamani kuinunua, na mimi nilikuwa nimekuja kutafuta mkasi.

"Nani anaanza? Semeni chochote!"

"Inakula nini?" akauliza mfugaji mmoja kutoka nyuma.

"Inakula upepo, mzee wangu! Na upepo hapa Dodoma ni bure!"

"Na inazaa?"

Kicheko kilichopigwa pale kilipunguza bei yote. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, watu wanafunga baiskeli zao mizigo. Mara ya tatu tulibaki mimi, Dalali na mbwa. Wakubwa wa lile shirika wakamwambia, bwana, ujira wako ndio huo hapo, iondoe uwanjani. Mtu mwingine angelia. Dalali alishuka kwenye pipa, akaizunguka ile ndege polepole, akaipapasa ubavuni kama mtu anayepapasa fahali. Akanigeukia na uso ambao sijauona tena kwa mwanadamu ila kwa mabwana harusi wawili watatu.

"Fundi," akasema kwa sauti ndogo, na sikuwa najua kwamba anayo, "yangu."

Ilikokotwa na maksai mpaka Ipagala. Mji ulisimama. Trafiki aliwasimamisha maksai, akatafuta namba akaikuta ubavuni, kubwa kuliko ya basi, akatafuta kosa akalikosa, akaishia kuagiza wafunge kitambaa chekundu kwenye mkia.

Tangu hapo Dalali alipata hotuba. Kila Jumamosi kwenye mnada wa Msalato, kabla hajaanza kuuza ng'ombe na vyombo, aliwachangamsha watu kwa historia ya ndege yake. Nimeisikia mara nyingi kuliko wimbo wa taifa.

"Mbukwenyi!"

"Mbukwa!" watu wanaitikia kwa Kigogo, hata Wachaga.

"Mmiliki wa kwanza, Mzungu wa karanga za Kongwa! Karanga zikagoma kuota, Mzungu akagoma kubaki! Wa pili, daktari wa misheni! Alikuwa akitua kijijini, wagonjwa wanapona kwa woga kabla hajafungua mkoba! Wa tatu, Mhindi wa malori! Alitoa lori zima, zima na tairi ya akiba, akachukua ndege, akawa anaruka kwenda Manyoni kufuata asali! Wa nne..." Hapo alinyoosha kidole akakizungusha kwa watu wote. "Wa nne ninyi! Taifa! Kila mmoja wenu ana msumari wake mle ndani! Anayetaka msumari wake aje auchomoe! Wa tano, shirika, Mungu alilaze. Na wa sita..."

Anajifuta jasho.

"Wa sita ndiye mwenyewe."

Neno hilo, mwenyewe, hakulisema kama unavyolisema wewe ukigongewa mlango. Alilitoa tumboni. Mtu aliyepitisha mali za dunia nzima mikononi mwake bila kubaki na kijiko, sasa alikuwa mwenyewe wa kitu, na kitu chenyewe hakuna mbunge aliyekuwa nacho.

Ajabu ni jinsi alivyoitunza. Ungedhani ataiegesha uwanjani kwake, watu waje waishangae. Siku chache alifanya hivyo. Kisha Ugogo ukamrudi. Hapa kwetu mfugaji mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Anawawekesha: wawili kwa rafiki kule, watatu kwa shemeji huku. Yule aliyewekewa anawachunga na kunywa maziwa, lakini ng'ombe ni wa aliyemwekesha, hata ipite miaka, hata afe mtu. Ugonjwa ukiingia zizi moja haumalizi wote, na mwenye kijicho hajui una wangapi. Dalali akaona ndege nayo ni mali ya kuonewa kijicho. Akaifungua kiungo kimoja kimoja, akaiwekesha.

Viti viwili vya ngozi alimwekesha kinyozi wa Area D, na nakuambia hakuna kinyozi Tanzania nzima aliyekuwa na foleni ile. Watu walikuwa wananyoa nywele ambazo hazijaota. Pangaboi la mbele alilipeleka Makutupora kwa mkulima wa zabibu. Mkulima akalitundika mtini na kuligonga kwa nondo kuwaita vibarua, na mlio wake, wanasema, uliivisha zabibu kabla ya wakati. Mimi nilipewa bapa la mkia. Nililiweka juu ya meza nikawa napigia pasi, na suruali za Dodoma hazijawahi kunyooka kama mwaka ule.

"Kunywa maziwa, fundi," Dalali alikuwa akiniambia akipita. "Ila usisahau ng'ombe wa nani."

"Wako, mzee."

"Sema kwa sauti."

"Wako, mwenyewe!"

Anaondoka anacheka, sauti yake inabaki kibarazani mpaka adhuhuri.

Mama Vitambaa alikuwa akimsikia hapo dukani, na alimpenda kwa namna ya kumkaripia. Alijua Dalali ana ndege, nani hakujua? Lakini historia yenyewe hakuwahi kuisikia, kwa sababu mnada wa Msalato haukuwa mahali pake. Ndipo mitumba ikaingia kwa fujo. Watu wakawa wananunua suruali iliyokwisha kushonwa, ina mifuko minne na harufu ya ng'ambo, kwa bei ya vifungo vyangu. Duka likapoa. Mama akaamua kuifuata biashara mnadani, akanichukua tukaenda Msalato na majora ya vitenge juu ya gari la kukodi, tukatandika.

Dalali akapanda juu ya gunia akaanza. Mzungu, daktari. Alipofika kwa Mhindi wa malori, Mama aliacha kukunja kitambaa. Alipofika kwenye msumari wa taifa, Mama alikuwa ameshasimama. Alipomaliza na "ndiye mwenyewe", watu wanapiga makofi, Mama alikuwa mbele kabisa, chini ya lile gunia, ametazama juu.

"Dalali. Huyo Mhindi wa malori alikuwa baba yangu."

"Ala! Karibu, mama!" Dalali akafurahi kweli. "Jamani, binti wa mmiliki wa tatu! Baba yako alikuwa shujaa. Sijamsifu vizuri?"

"Umemsifu vizuri sana. Ila umeruka mahali. Baba yangu hakuiuza ile ndege."

"Eeh?"

"Walikuja watu wa ofisi. Wakasema wanaiazima kwa kazi ya taifa, wakimaliza wanarudisha. Mama yangu aliwapikia na chai. Baba akawapa ufunguo. Kila Jumapili akawa anakwenda kusimama kwenye seng'enge ya uwanja anaiangalia, mpaka akaja kufa. Mimi nilikuwa nakwenda naye, nikidhani ni mahali pa kupunga hewa."

Dalali akajikohoza. "Pole sana, mama. Mambo ya zamani hayo. Mashirika, maofisi..."

"Sikuja kudai, kaka yangu. Nina swali la hapa hapa kwenu. Ng'ombe akiwekeshwa kwa mtu, yule mtu akafa, warithi wake wakampeleka mnadani wakampa dalali. Ng'ombe ni wa nani?"

Hapo ndipo niliposikia, mara ya kwanza na sikutegemea ya pili, kimya cha Dalali. Kilikuwa kikubwa kuliko sauti yake. Ng'ombe wenyewe waliacha kulia wakamtazama.

"Wa aliyemwekesha," akasema mzee mmoja mfugaji aliyeegemea fimbo, kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake aliyesahau jina. "Hata mtoto mdogo analijua hilo."

"Mzee, nani kakuuliza?" Dalali akafoka.

"Mama kauliza."

"Kaniuliza mimi!"

"Na wewe hujibu."

Siku hiyo Dalali aliuza ng'ombe vibaya. Fahali alikwenda kwa bei ya mbuzi, mbuzi mmoja hakujulikana aliuzwa au alijiondokea.

Wiki iliyofuata alikuja kibarazani bila sauti, tukashtuka kumkuta amesimama hapo. Mimi nikainuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimefuata mkia."

Ng'ombe akishatiwa neno kwamba ni wa nani, anarudishwa zizini kwanza watu wamwone ni mzima, ndipo mazungumzo yafuate. Dalali alifuata desturi. Alizunguka na maksai wake kukusanya viungo. Kinyozi alilia machozi, akaomba aachiwe hata kiti kimoja. Akajibiwa kwamba ndege ya kiti kimoja ni pikipiki. Mkulima wa zabibu ndiye aliyekuwa na hoja. Alikuwa amemchongesha seremala pangaboi jingine la mbao, mfano wa lile lile, akalitundika pembeni.

"Kubwa lako chukua," akamwambia Dalali. "Hili dogo limezaliwa kwangu. Mchungaji anapewa ndama."

Dalali akalikagua lile la mbao mbele na nyuma. "Limefanana na mama yake," akakubali, na wakapeana mikono.

Kitambaa cha mabawa nilikishona mimi, na Mama Vitambaa alitoa jora zima la marekani. Ukiniuliza bawa moja lilikuwa na urefu gani nitakudanganya, ila nilianza kushona upande mmoja nikiwa kidato cha tatu, na nilipokata uzi upande wa pili nilikuwa nakaribia mtihani. Ndege ikasimama pale Ipagala mbele ya nyumba isiyo na paa, nyeupe, imefungwa kamba kwenye vigingi. Injini haikuwa na uhai, lakini kwa macho ilikuwa nzima.

Mama alikuja jioni moja, jua bado liko. Dalali alikaa na ile ndege miaka bila kuikalia, maana kiti chake kilikuwa juu kidogo ya kimo cha meza. Mama, mtu mzima na sari yake, alikanyaga bawa, akapanda, akaingia kiti cha nyuma. Siyo cha mbele. Akakaa huko anatazama mgongo wa kiti kisicho na mtu. Mimi na Dalali tulijifanya tunakaza kamba.

Aliposhuka alikuwa anacheka na pua imemjaa.

"Ilikuwa kubwa zaidi," akasema.

"Panya wamekula kidogo," Dalali akasema. Kisha akavuta pumzi kama mtu anayetaka kupigwa sindano. "Haya, mama. Unaichukua?"

"Naipeleka wapi, bwana we? Kwenye begi?" Duka lilikuwa linafungwa. Watoto wake walikuwa ng'ambo, wameshamkatia tikiti. "Mwezi ujao naondoka."

Uso wa Dalali ukafunguka. "Kwa hiyo ni yangu."

"Sijasema hivyo."

"Huichukui, na siyo yangu?"

"Wewe unanifundisha mimi mambo ya ng'ombe?" Akampiga kofi dogo begani, akaweka sawa sari yake. "Kunywa maziwa, Dalali. Kaa salama."

Akaondoka. Dalali akanishika mkono, akaniangalia machoni. "Fundi, umesikia chochote wewe?"

"Nilikuwa nakaza kamba, mzee."

"Hivyo hivyo."

Mama aliposafiri, Jumamosi iliyofuata, Msalato, Dalali alihutubia kama kawaida, Mzungu, daktari, Mhindi, taifa, shirika, na wa sita, mwenyewe. Watu walioshuhudia kisa cha Mama walitazamana, lakini Mama alikuwa amekwenda zake, na nani atabishana na mtu mwenye sauti ile? Miaka ikapita. Mimi nilipata cheti changu cha kidato cha nne, alama zake zilikuwa za wastani ila mama yangu alikitundika juu ya kitanda kama picha ya mtume, nikaajiriwa ukarani katika shule moja Singida, cherehani nikaipumzisha. Huko huko Singida madereva wa malori walikuwa wakinisimulia juu ya mzee wa Dodoma mwenye ndege, "mwenyewe kabisa, siyo ya kukodi". Nikawa nacheka peke yangu. Nilisema moyoni, amemshinda yule mama kwa sauti tu.

Kisha nikapata safari ya Dodoma, nikapitia Ipagala.

Nilimkuta amekaa kwenye debe, mvi zimemjaa, sauti imepungua ikawa sawa na ya watu wawili wa kawaida. Nyumba iko pale pale kwenye lenta. Ndege iko pale pale, kitambaa changu kimekuwa cha rangi ya vumbi lakini mshono, samahani kujisifu, haujaachia hata mmoja. Tulikuwa hatujamaliza kuulizana hali za nyumbani, ikaingia pikapu, akashuka bwana mmoja mwenye tumbo la kujiamini. Alikuwa anajenga gesti barabara ya Makutupora, ya ghorofa, na baa chini.

"Mzee, nimerudi kwa lile jambo letu. Naitaka. Naikata hapa katikati, kipande cha mbele nakitokeza ukutani, cha nyuma kinakuwa kaunta. Taa za rangi. Watu watakunywa mpaka wasahau kwao."

"Unatoa nini?" Dalali akauliza.

"Sikupi pesa ukazila. Nakuezekea nyumba. Mbao zote, bati zote, na mafundi."

Mlango wa chumba cha uani ukafunguka. Mkewe akasimama hapo na mwiko mkononi. Aliitazama lenta, halafu akamtazama Dalali, lakini safari hii hakurudi jikoni.

Dalali akanyanyuka kwenye debe. Halafu akapanda juu yake. Nikaona ile miaka yote inamrudi mwilini.

"Mmiliki wa kwanza!" akaanza.

"Mzee, naijua hiyo," yule bwana akasema.

"Unanunua historia, mwanangu, siyo mbao! Mmiliki wa kwanza, Mzungu wa karanga!" Akaenda mpaka mwisho, wa sita akiwemo. "Sasa. Mbao, bati, mafundi. Nani zaidi?"

"Zaidi ya nani? Niko peke yangu!"

"Nani zaidi?"

Yule bwana akaniangalia mimi kwa wasiwasi, kama vile karani wa shule angeweza kumpiku. "Na dari," akasema.

"Mbao, bati, mafundi, dari! Nani zaidi?"

"Na simtanki la maji! Basi, mzee!"

"Na simtanki! Mara ya kwanza!" Mkewe alikuwa ameshusha mwiko. "Mara ya pili!"

Hapo upepo ukaja. Wanaoijua Dodoma mwezi wa nane wanajua nasema nini: chamchela ikaibuka barabarani, nyekundu, ndefu kama mnara, imebeba mifuko ya plastiki na nadhani kuku mmoja, ikageuka ikaingia uwanjani moja kwa moja. Ndege ya mbao na kitambaa ni nyepesi kuliko deni la ndugu. Ikatetemeka. Kigingi kimoja kikang'oka. Bawa la kushoto likanyanyuka, mkia ukayumba, na lile dude lililonyamaza miaka yote likaanza kuondoka zake.

Dalali aliruka kutoka kwenye debe akadaka kamba kwa mikono miwili, akawa anaburuzwa kwenye vumbi kwa visigino.

"Shikeni! Shikeni, jamani! Mali ya mtu hii!" Na sauti yake yote ya zamani ilikuwa imerudi, nina hakika walimsikia Kongwa. "Mali ya mtu! Nitamwambia nini yule mama?"

Mimi nilishakuwa nimeng'ang'ania bawa. Mkewe akatupa mwiko akaja akashika kamba nyuma ya mumewe, kiuno kwa kiuno, akachomeka miguu ardhini. Yule bwana wa gesti alikuwa amesimama katikati ya vumbi, mdomo wazi.

"Mama gani?" akauliza. "Mzee, mama gani?"

"Shika mkia kwanza, we mtu!"

Akashika mkia. Tumbo lile lilitusaidia sana, sitamnyima haki yake. Tukakaa hivyo, watu wanne tumening'inia kwenye ndege, mpaka chamchela ikachoka na kuhamia kwa jirani kuchukua nguo kwenye kamba.

Vumbi lilipotulia, Dalali alikaa chini, anahema, kamba bado imezungushwa mkononi. Mkewe alikuwa anamfuta vumbi usoni kwa ncha ya khanga, kwa nguvu kidogo. Lenta ilikuwa pale juu yetu, na anga limepita katikati.

"Sasa mzee," yule bwana akasema, naye anajipangusa, "nielewe vipi? Nazungumza na nani? Mwenyewe ni nani?"

Dalali akamtazama mkewe. Mkewe akamaliza kumfuta, akaokota mwiko wake, akaupuliza.

"Mjibu mgeni," akamwambia.

"Mwenyewe yuko ng'ambo, kwa watoto wake," Dalali akasema. "Mimi nimewekewa tu." Akaiangalia ndege juu mpaka chini kama imekonda, kisha akamgeukia yule bwana na kumkagua vile vile. "Lakini mkia umeushika vizuri sana, mwanangu. Pita na kesho uushike tena. Huu upepo ndiyo kwanza unaanza."